Kushindwa kwa pointi moja na bado kwenda Olimpiki

Huku kwetu Likasi na Shinkolobwe mtu akimaliza masomo anaulizwa: mgodi au ofisi? Leo tuangalie kazi ingine: mwanamke anayechezea nchi yake raga, ule mchezo wa mpira mrefu kama yai. Kazi hiyo inatembea namna gani? Tumchukue Janet Okelo wa Kenya.

Okelo alijulikana katika raga ya watu saba. Mechi ina vipindi viwili vya dakika saba, basi. Wanawake waliucheza mchezo huo Olimpiki mara ya kwanza kule Rio de Janeiro mwaka 2016. Okelo alikuwepo, na Kenya ikamaliza ya 11 kati ya timu 12.

Sasa, Kenya ilifikaje Rio? Bingwa wa Afrika alikuwa Afrika Kusini. Lakini kamati ya Olimpiki ya nchi hiyo wakati ule haikukubali timu ipite kwa mashindano ya bara peke yake. Nafasi ikashuka kwa wa pili, yaani Kenya.

Mwaka 2019 kule Tunisia mambo yakajirudia. Fainali: Afrika Kusini 15, Kenya 14. Pointi moja! Afrika Kusini ikaacha tena nafasi, na Kenya ikaenda Tokyo, kwenye michezo iliyosogezwa mpaka 2021. Okelo alikuwepo tena. Kenya ikaifunga Japani, mwenye nyumba, 21 kwa 17, ikamaliza ya 10.

Lakini mlango haufunguki kila siku. Agosti 2021, Nairobi, raga ya watu 15, njia ya Kombe la Dunia: Kolombia 16, Kenya 15. Pointi moja tena, na safari hii hakuna aliyeacha nafasi. Kwa Paris 2024, Afrika Kusini ikaenda yenyewe; wanawake wa Kenya wakabaki.

Njo maana kazi hii si nguvu ya miguu tu. Mchezaji anatawala mazoezi, mwili na nidhamu yake. Hatawali uamuzi wa ofisi ya nchi ingine, wala jeraha la goti. Okelo mwenyewe alienda pia kuchezea klabu Japani: ndiyo namna mchezaji anatafuta mkataba nje, asingojee Olimpiki ya kila miaka minne.

Kwetu sisi wenye diploma, hesabu ni ileile. Wa pili aliye tayari anaweza kuitwa kesho; wa pili aliyeacha mazoezi akiitwa hana cha kupeleka. Lakini usiweke maisha yote kwenye mlango mmoja ambao ufunguo wake uko kwa mtu mwingine.

Dada yako akisema anataka kucheza, usimcheke. Muulize mambo mawili: unafanya mazoezi saa ngapi, na mlango wako wa pili ni upi?