Kabla hujakubali kutolewa nyumba ya uzazi

Je, hedhi yako ni nzito, na daktari amekushauri utolewe nyumba ya uzazi? Uliza maswali matatu kwanza.

Moja, tatizo ni nini? Uvimbe wa faibroidi kwa kawaida si saratani, na mara nyingi hunywea baada ya umri wa hedhi kwisha. Pili, je, dawa, koili ya homoni au kuondoa uvimbe pekee hakutoshi? Tatu, ovari zitabaki? Zikibaki, hutapata hedhi wala mimba tena, lakini homoni huendelea. Zikitolewa pia, utaanza kuhisi joto la ghafla, na mifupa itadhoofika mapema.

Ikiwa ni saratani, usikawie. Kama siyo, mwone daktari wa pili kabla ya kutia sahihi.