Nasaba ya Toromiro: Jinsi Bustani za Mimea Zinavyoshirikiana

Watu wengi hudhani kwamba mmea adimu ukisha kupandwa katika bustani ya elimu ya mimea, basi umesalimika. Dhana hiyo ni kweli nusu tu. Bustani yaweza kuwa na miti hamsini ya aina moja, nayo yote ikawa imetokana na mbegu za mti mmoja. Kwa macho ni miti hamsini. Kwa urithi ni ndugu wa tumbo moja, na ugonjwa unaoweza kumwua mmoja huenda ukawaua wote.

Mfano ulio wazi ni toromiro, mti mdogo wa jamii ya kunde wenye maua ya manjano, uliokuwa ukiota katika Kisiwa cha Pasaka, mali ya Chile, mbali sana katika Bahari ya Pasifiki. Wenyeji walichonga sanamu kwa mbao zake. Ukataji wa miti, na baadaye kondoo walioletwa kisiwani katika karne ya 19, uliupunguza mti huo hata ukabaki mmoja tu, ndani ya shimo la volkeno ya Rano Kau. Msafara wa Thor Heyerdahl wa mwaka 1955 hadi 1956 ulichukua mbegu zake. Miaka michache baadaye mti wenyewe ulitoweka. Mbegu hizo ziliota katika bustani ya Göteborg, nchini Sweden.

Kwa miaka mingi kila bustani iliyokuwa na toromiro iliutunza kivyake. Mwaka 1994 bustani kadhaa za Ulaya na Chile ziliunda kikundi kimoja cha kuusimamia. Kazi yake kubwa mojawapo ilikuwa ya kuuliza: mti huu umetoka wapi, nani aliuleta, kwa mbegu au kwa kipandikizi? Likatungwa daftari la nasaba, mithili ya lile la wafugaji wa ng'ombe wa koo bora, na chembe za urithi zikalinganishwa katika maabara. Ikadhihirika kwamba tofauti za urithi baina ya miti iliyosalia ni chache mno, na kwamba baadhi ya miti iliyobandikwa jina la toromiro haikuwa toromiro halisi. Hakuna bustani ambayo ingeyagundua hayo peke yake, kwa kuwa kila moja ilishika kurasa chache tu za kitabu. Miche ilirudishwa kisiwani mwaka 1995 na mingi ikafa. Lakini kuurudisha mti kwao ni elimu nyingine, yenye kustahili makala yake.

Msomaji huenda akauliza kwa nini mbegu zisikaushwe tu na kuhifadhiwa katika baridi ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Kwa mimea mingi njia hiyo hufaa sana. Lakini mbegu za kakao na za embe hufa zikikaushwa, na miti mingi ya misitu ya mvua ina tabia hiyo hiyo. Miti ya namna hiyo hapana budi itunzwe ikiwa hai, nayo huhitaji nafasi. Kwa hiyo bustani hugawana kazi: hii hutunza uzao wa mti huu, ile wa mti ule. Shirika la kimataifa linaloziunganisha, lililoanzishwa mwaka 1987, huweka orodha ya pamoja ya mimea ya bustani zaidi ya 1,000.

Jambo hili latuhusu sisi pia. Karomia gigas ni mti mrefu wa jamii ya mrehani, ingawa ni vigumu kuamini mtu akiutazama. Ulionekana pwani ya Kenya mwaka 1977, na mti huo ukakatwa baadaye. Mwaka 2011 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliukuta tena kusini mashariki mwa Tanzania, miti michache tu. Mwaka 2018, kwa ushirikiano na Wakala wa Huduma za Misitu, maelfu ya matunda yake yalipelekwa katika Bustani ya Mimea ya Missouri, Marekani. Mbegu zilizoota zilikuwa chache sana. Kila mche uliopatikana hauna budi kuandikiwa mti mama wake na msitu uliotoka, katika daftari la Missouri na katika letu, kabla ya kipandikizi chochote kupewa bustani ya tatu.