Pugu hadi Sabasaba: Ladha ya mikoa yauzwa, jina la mkoa lapotea njiani

MTEJA anayefika katika mnada wa mifugo wa Pugu, nje kidogo ya jiji la Dar es Salaam, hana haja ya kuuliza nyama choma iko upande gani. Moshi humwelekeza. Jirani na mazizi yamepangwa majiko ya mkaa, juu yake mbavu, mapaja na utumbo, na pembeni ugali, ndizi za kuchoma, kachumbari na pilipili ya kutosha. Mchomaji anayeijua kazi yake hamwachi mteja anunue kwa macho. Humkatia kipande kidogo, humchovyea chumvi na kumpa aonje. Akishameza, mteja huuliza maswali mawili. La kwanza ni bei. La pili ni, "Ng'ombe wa wapi huyu?"

Swali la pili ndilo linaloushughulisha ukurasa huu wiki hii. Jibu lake huwa ni la kuaminiana tu. Mchomaji anaweza kutaja Singida, Shinyanga au Umasaini, kwa kadiri anavyomsoma mteja usoni, kwa kuwa pale jikoni hakuna karatasi wala muhuri wa kumsuta.

Na si kwamba habari hiyo haipo. Pugu ni mnada wa upili, yaani mifugo inayouzwa hapo huwa imekwisha kununuliwa katika minada ya awali huko vijijini na kusafirishwa kutoka mikoa ya kati, ya Ziwa na ya kaskazini. Mzigo wa ng'ombe husafiri na kibali, na kibali hutaja ulikotoka. Kwa maneno mengine, jina la mkoa hufika Pugu salama, likabaki getini. Ng'ombe akishakwenda machinjioni, awe mweupe wa Singida, mwekundu wa Iringa au Ankole wa Kagera mwenye pembe ndefu, anatoka akiwa "nyama" tu, na bei yake buchani ni moja.

Anayeumia hapo ni mfugaji. Kama ng'ombe wa kwake amekula majani mazuri na nyama yake ina sifa, sifa hiyo haimrudishii hata senti. Pugu wanunuzi wengi bado wanamkisia ng'ombe kwa jicho na kumshika mgongo. Wanalipia umbo na uzito wa kukadiria, basi.

Tukitoka Pugu kuelekea Temeke, hali hugeuka. Katika viwanja vya Mwalimu Julius Nyerere, Barabara ya Kilwa, ambako hufanyika Maonyesho ya Biashara ya Kimataifa ya Dar es Salaam, maarufu kama Sabasaba, jina la mahali ndilo linalotangulia na chakula hufuata. Maonyesho hayo husimamiwa na Mamlaka ya Maendeleo ya Biashara (TanTrade) na yale ya 2025 yalikuwa ya 49. Mgeni akizunguka mabanda ya wajasiriamali hukutana na korosho za kusini, asali ya Tabora, mvinyo wa Dodoma, kahawa ya Kagera na viungo vya Zanzibar. Mwezi unaofuata, katika Nanenane, mambo huwa hayo hayo huko Nzuguni Dodoma, Themi Arusha, Ngongo Lindi na viwanja vingine vya wakulima.

Humo ndimo mlaji wa Dar es Salaam anapoonja vitu ambavyo nyumbani asingevinunua bila kuvijua. Chukua senene wa Bukoba. Mtu wa Mbagala ambaye hajawahi kuwala hawezi kununua pakiti nzima kwa kusifiwa tu. Mpe wawili mkononi, aone wanavyotafunika, ndipo mazungumzo ya bei yaanze. Michembe ya Usukumani, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, nayo ni hivyo hivyo. Ukiitazama ni kama vipande vya mti, lakini ikipikwa na karanga, mwenye kuonja huomba sahani.

Vijana wengi wanaokodi nafasi katika maonyesho wanadhani kuonjesha ni hasara. Hesabu inakataa. Kilo 1 ya mchele ikipikwa hutoa wali wa kilo mbili na nusu hivi. Ukimpa kila mpita njia gramu 25, yaani kijiko kimoja kikubwa, umewaonjesha watu 100. Tuseme, kwa mfano tu, kwamba kati ya hao watu 10 wananunua kilo 2 kila mmoja. Umeuza kilo 20 kwa kutumia kilo 1, yaani asilimia 5 ya mauzo. Ongeza mkaa, maji na posho ya mpishi, bado ni nafuu kuliko matangazo mengi ya redio. Chuoni tulisoma sura nzima juu ya kukuza mauzo na sikumbuki kama kijiko kilitajwa.

Nchi ambayo biashara hii ya kuonja vyakula vya mikoa imekuwa kazi kubwa ni Japani, ambayo hapa kwetu tunaifahamu zaidi kwa magari. Ina mikoa 47, na karibu kila mji una chakula chake unachojivunia. Katika duka kubwa la Keio, eneo la Shinjuku jijini Tokyo, kila Januari tangu 1966 hufanyika maonyesho ya vyakula vya stesheni za reli, yaani chakula kilichofungwa kwenye boksi ambacho abiria hununua kabla ya kupanda treni. Wao hukiita ekiben. Stesheni ya Mori, katika kisiwa cha Hokkaido, inauza ngisi aliyejazwa wali tangu 1941. Stesheni ya Yokokawa, mkoani Gunma, tangu 1958 inauza wali na kuku ndani ya chungu cha udongo, na abiria huenda na chungu chake nyumbani. Mkazi wa Tokyo hana haja ya kusafiri. Hupanga foleni dukani.

Mwaka 2006 mji wa Hachinohe ulianzisha tamasha jingine, safari hii la vyakula vya bei nafuu vya mitaani, liitwalo B-1. Mlaji akimaliza kula, hupiga kura kwa vijiti vyake vya kulia: anavitumbukiza katika boksi la chakula kilichompendeza. Mji wa Fujinomiya, chini ya mlima Fuji, ulishinda mara mbili za kwanza kwa tambi za kukaanga. Tambi tu! Lakini baada ya hapo watu walianza kufunga safari kwenda kuzila huko huko, na mji mzima ukapata wateja.

Hata hivyo, tamasha peke yake halitoshi, na hapa ndipo tunapoachwa nyuma. Mfano mzuri ni samaki wa mkoa wa Oita, mkoa ambao gavana wake Morihiko Hiramatsu alianzisha mwaka 1979 mpango wa kila kijiji kuwa na zao moja la kujivunia. Wavuvi wa Saganoseki katika mkoa huo huvua kwa mshipi, katika mlango wa bahari wenye mkondo mkali, samaki wa jamii ya vibua ambaye Wajapani humwita, kwa bahati nzuri, saba. Samaki yule yule huvuliwa pia na wavuvi wa ng'ambo ya mlango huo, mkoa wa Ehime. Lakini wa Saganoseki huitwa Seki saba, jina lililosajiliwa kuwa alama ya biashara mwaka 1996, na kila samaki huuzwa akiwa na lebo ya chama cha ushirika cha wavuvi. Lebo hiyo humfanya awe na bei ya juu sokoni. Maji ni yale yale, lakini wa upande mmoja walilisajili jina lao mapema na kulilinda.

Kwa ng'ombe nako hawakubaki nyuma. Tangu sheria ya 2003, kila ng'ombe nchini humo ana namba ya tarakimu 10, na namba hiyo humfuata mpaka buchani, mnunuzi akaweza kujua alizaliwa wapi. Nyama maarufu ya Kobe iliingizwa Desemba 2015 katika orodha ya bidhaa ambazo jina la mahali zinakotoka linalindwa na serikali. Kwa hiyo swali la Pugu, "ng'ombe wa wapi huyu?", kule hujibiwa kwa maandishi.

Sisi nasi sheria tunayo: ile ya utambuzi, usajili na ufuatiliaji wa mifugo ni ya 2010. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na uvalishaji hereni ilizinduliwa Juni 2025. Hereni ni mwanzo. Lakini hereni hubaki kwenye sikio, na sikio halifiki jikoni. Mpaka machinjio na mabucha yaunganishwe katika mlolongo huo, mlaji ataendelea kula kwa kuamini.

Mchele ndio unaoonyesha hasara hiyo waziwazi zaidi. Kyela, mkoani Mbeya, kwenye ufuko wa kaskazini wa Ziwa Nyasa, ina jina kubwa kwa mchele unaonukia. Mlaji wa Dar es Salaam akiuliza mchele mzuri Tandale au Tandika, jina la Kyela hutajwa upesi, na malalamiko kwamba gunia lina Kyela juu na kitu kingine chini si mageni. Kumtambua mdanganyifu si rahisi. Mbegu ya Supa, yenye harufu hiyo, hulimwa pia Kilombero, Usangu na kwingineko, na SARO 5, mbegu iliyotokana na Supa na kutolewa kwa wakulima mwaka 2002, nayo hunukia kiasi. Pua ya kawaida haiwezi kuamua kesi. Alama ya ubora ya TBS nayo ina kazi nyingine: inamhakikishia mlaji kwamba bidhaa imefikia kiwango, haimwambii imetoka bonde gani.

Zanzibar walitangulia kidogo kwa kuwa sheria yao ya 2008 ya haki za ubunifu wa viwandani inagusa pia majina ya mahali bidhaa zinakotoka, jambo lenye maana kwa karafuu. Kwa Bara, maoni ya mwandishi huyu ni kwamba wasiisubiri serikali katika kila kitu. Lebo ya Saganoseki hubandikwa na chama cha wavuvi wenyewe. Chama cha msingi cha wakulima wa mpunga kinaweza kusajili alama yake, kikashona magunia yake, kikaweka namba, na kikamfikisha mahakamani anayeighushi. Gharama ipo, ndiyo, na mara nyingi ugomvi ndani ya chama huwa mkubwa kuliko gharama. Malawi iliuiga mpango wa Oita mwaka 2003, kwa hiyo hakuna atakayesema kwamba ni jambo la Wajapani peke yao.

Kuna eneo moja ambalo tulikuwa na ekiben yetu bila kuiita hivyo. Abiria wa Reli ya Kati wanaikumbuka Saranda, wilayani Manyoni, kwa kuku wa kienyeji waliouzwa madirishani treni iliposimama. Vituo vingine vya reli hiyo navyo vilikuwa na wachuuzi wake, na jina la stesheni lilikuwa tangazo tosha. Treni ya kisasa iliyoanza kubeba abiria mwaka 2024 kutoka Dar es Salaam, ikipitia stesheni yake ya Pugu hadi Morogoro na Dodoma, haina madirisha ya kufungua, na muda wa kusimama ni mfupi. Usafi umeongezeka, mchuuzi amekosa dirisha. Mtu mwenye mtaji wa wastani na kibali cha kuuza ndani ya stesheni angeweza kufunga kuku, ndizi na kachumbari katika boksi safi, akaandika juu yake kuku ametoka wapi, na akawa na wateja kila siku badala ya kungoja Julai.

Kwa wanaojiandaa na Sabasaba: maonyesho kwa kawaida huanza 28 Juni na kufungwa 13 Julai. Wanaotaka kuonjesha vyakula wapime afya mapema wao na wasaidizi wao, na waweke maji ya kunawa mbele ya meza, kwa sababu mteja asiye na pa kunawa haonji. Kwa wanunuzi, siku mbili za mwisho ndizo nzuri kwa mchele, maharage na asali. Muuzaji aliyetoka mkoani hapendi kulipa nauli ya kurudisha mzigo. Ila aonje kwanza, na aombe kufunguliwa gunia mpaka chini.