Vyombo vya Mavuno vya Watu wa Mrima

Warabha wa Assam, katika Bara Hindi, wamejaaliwa mianzi, na kwa mianzi hiyo husuka vikapu vyao vya shambani. Ama sisi watu wa Mrima, kuanzia Kunduchi na Bunju hadi Bagamoyo na Saadani, tumejaaliwa mnazi, mkindu na mkoche, na mtu aliyelima pwani hii hata kwa msimu mmoja atakiri kwamba tangu mbegu itokapo nyumbani mpaka nafaka irudipo jikoni, ni hatua chache zisizokuwa na chombo chake kilichosukwa. Wakwere, Wadoe, Wazaramo, Wazigua na Waswahili wa mjini hutofautiana kwa lafudhi na kwa ngoma zao, lakini katika jambo hili ni watu wa nyumba moja.

Nitaanza na pakacha, ambalo hudharauliwa kuliko vyombo vyote. Mwanamume aliyekwenda shambani bila ya chombo, akakuta nazi zimeanguka au maembe yameiva kuliko alivyotazamia, hakosi pa kuyatia: hukata kuti bichi la mnazi, akalipasua uti wake, akayapisha majani yake huku na huku, na kabla jasho halijamkauka pakacha liko tayari begani. Halina mshono, halina nakshi wala thamani sokoni, na likishafika mjini hutupwa. Matundu yake ni mapana, na wahenga waliosema kwamba kuvuja kwa pakacha ni nafuu ya mchukuzi bila shaka walikuwa wamekwisha kuchukua mizigo hiyo kwa miguu. Angeulizwa mwenye mali, methali ingalikuwa nyingine.

Ukili ni jambo jingine kabisa, na hapo ndipo ustadi wa wanawake wa Mrima unapodhihirika. Miyaa hutoka kwa mkoche, mti wa porini ambao wengine huuita mlala, na mkataji mwenye busara hachukui ila chipukizi la katikati ambalo majani yake bado yamefumbana, kwa sababu jani lililokwisha kukunjuka huwa gumu na halisukiki vizuri. Naye huacha machipukizi mengine katika kichaka, maana mkoche uliokatwa kwa pupa mwaka huu haumpi mtu kitu mwakani. Miyaa hiyo huchanwa, ikaanikwa juani mchana na kuachwa ipate umande usiku, hata ikageuka kuwa nyeupe, kisha hupasuliwa kwa ncha ya sindano au ya kisu kwa upana uliolingana. Inayotakiwa rangi huchemshwa: zamani manjano ilitoka kwa bizari na wekundu kwa magome ya mkoko, na siku hizi hutoka kwa unga wa dukani, ambao hung'ara sana siku ya kwanza na kufifia kabla kikapu chenyewe hakijachakaa. Ndipo husukwa ukili, utepe mmoja mrefu ambao kipimo chake ni mwili wa msukaji mwenyewe, maana shibiri 2 ni dhiraa moja na dhiraa 4 ni pima. Ukitosha, hushonwa kwa shazia kuanzia kitako cha kikapu, ukazungushwa na kupandishwa duru juu ya duru mpaka mdomoni, kisha kikatiwa mikono ya kamba ya usumba. Wajuzi hukijua kikapu kizuri kwa mshono wake: wakikiinua kuelekea jua, hawataki kuona mwanga ukipenya, kwani panapopita mwanga ndipo punje za mtama zitakapopotelea njiani.

Lakini linalonistaajabisha mimi zaidi ya mshono ni wakati unaotumika. Ni nadra mwanamke wa Mrima kutenga siku nzima kwa ajili ya kusuka. Ukili husukwa kando ya kazi nyingine. Mpunga unapochanua na ndege kuanza kushuka kwa makundi, mlinzi hukaa juu ya dungu kutwa, na kwa kuwa kuamia ndege ni kazi ya mdomo na macho, mikono yake huwa huru, basi husuka. Baada ya sala ya alasiri, wanawake wakikusanyika barazani kupeana habari za mji, kila mmoja huja na miyaa yake, na habari huendelea na ukili huendelea. Mwali wa Kizaramo, aliyewekwa ndani baada ya kupevuka, naye hufundishwa kusuka akiwa huko gizani, na wakati huo wa utawa, ambao kwa wazee wetu uliweza kudumu miezi mingi, haukupita bure. Desturi za mwali zimeandikwa kwa kirefu na Bi Marja-Liisa Swantz, mtaalamu wa Kifini aliyeishi Bunju katika miaka ya 1960 na kutoa kitabu chake mwaka 1970. Lakini ajuza yeyote wa Mlingotini aweza kuzieleza pasipo kitabu. Kwa hiyo bunda la ukili lililoviringishwa na kutundikwa ukutani ni akiba ya saa ambazo zingalipotea, na akiba hiyo ni mali ya mwanamke mwenyewe, kwani kwa desturi, na kwa sheria ya dini kadhalika, alichokichuma mke kwa mikono yake ni chake, wala mume hana hesabu nacho.

Katika bonde la Ruvu, mto ambao karibu na bahari umejulikana tangu zamani kwa jina la Kingani, mpunga ulikatwa kwa kisu suke kwa suke na kutiwa katika kikapu, ukaanikwa, ukawekwa katika makanda, na ulipouzwa ulipimwa kwa vibaba na pishi, vibaba 4 kwa pishi moja. Baada ya kinu, kazi huwa ya ungo, chombo kinachopepeta mchele mchana na ambacho, kwa madai ya watu wengi wenye akili timamu, huwachukua wachawi usiku. Nazi ikishakunwa hukamuliwa katika kifumbu. Tenga, linalofumwa kwa fito na wanaume, ni la kuku, la matunda na la samaki, na wachuuzi wa Dunda hulifunga nyuma ya baiskeli.

Wala ufundi huu haukukaa peke yake. Jahazi zilizokuja na pepo za kaskazi zilileta makanda ya tende, na huko Omani hushonwa vivyo hivyo tepe za makuti ya mtende mpaka leo. Nani alimfundisha mwenziwe si swali la maana sana kwa watu ambao walikuwa wakioana na kudaiana kwa karne nyingi.

Leo mkulima hutumia kiroba na ndoo ya plastiki, nami simlaumu, kwa kuwa kiroba ni rahisi na ndoo haihofu mvua. Tarehe 1 Juni 2019 Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki, vikapu vilionekana tena mikononi mwa watu sokoni, na walioitabiria kazi hii kifo walinyamaza kidogo. Khatari iliyopo, kwa maoni yangu, haitoki dukani. Inatoka ardhini. Tangu barabara ya lami ilipofika Bagamoyo, mapori ya Mapinga, Kerege na Zinga yamekuwa viwanja, vichaka vya mikoche na mikindu vimefyekwa pamoja na magugu, na msuka ukili aliyekuwa akikata miyaa nyuma ya nyumba yake sasa sharti ainunue kwa fedha, basi faida yake yote huishia kwa muuza miyaa. Mikono ya kusuka ingalipo, na wanunuzi wapo.

Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeipa halmashauri ya kijiji mamlaka ya kusimamia ardhi ya kijiji, na vijiji vingi hutenga mahali pa malisho, pa makaburi na pa shule. Nawasihi wazee na vijana wanaokaa katika halmashauri hizo, toka Makurunge hata Saadani, watenge na kichaka cha mikoche, na katika kupanga namna ya kukikata wawasikilize kwanza wanawake wanaosuka.