Barua ya Jirani Haina Haja ya Kupitia Ng'ambo

Watu waliolelewa Mikinduri, kule Tigania katika Meru, pamoja na vijiji vingine vingi vya nchi hii, hawajasahau barua za sanduku la shule. Kabla ya simu za mkononi kuenea nchini miaka ya 2000, kijana aliyefanya kazi Nairobi au Mombasa aliandika jina la baba yake juu ya bahasha, na chini yake jina la shule ya msingi iliyo karibu na nambari ya sanduku la posta. Barua ikishafika shuleni, kazi ya kuifikisha nyumbani ilibaki kwa mwalimu na watoto.

Walimu nao walikuwa wa aina mbili. Wa kwanza alisimama mbele ya paredi na kuyasoma majina kwa sauti kuu. Barua ilifika, lakini shule nzima ilijua nani kaandikiwa, na masomo yalisimama mpaka rundo liishe. Wa pili alikuwa mwerevu zaidi. Kila mtoto alipomletea barua ya kutuma, alitazama nyuma ya bahasha jina la aliyeandika, akaweka moyoni kwamba boma la mzee huyu liko upande anakotoka mtoto huyu. Siku jibu lilipokuja hakupiga kelele. Alimwita mtoto yule peke yake akamwambia, "Haya, mpelekee babu yako."

Msomaji, ukimwelewa mwalimu huyo wa pili, umekwisha kukielewa kifaa kiitwacho swichi, ambacho hukaa pembeni ya chumba kikiwakawaka vitaa, na ambacho pasipo nacho ofisi, benki na shule nyingi zisingeweza kuwasiliana.

Jina lililotiwa kiwandani

Tuseme duka la saiba pale sokoni Mikinduri lina kompyuta 7 na mashine 1 ya kuchapisha. Msichana aliyemaliza kidato cha nne anajaza fomu ya kuomba nafasi ya chuo kikuu, na siku ya mwisho ni leo. Kando yake mzee mmoja anafungua ukurasa wake wa kodi. Waya za mashine zote 8 zinaingia katika kisanduku kimoja chenye matundu. Hicho ndicho swichi.

Kila mashine inayounganishwa kwenye mtandao ina anwani iliyotiwa na kiwanda kilichotengeneza kadi yake ya mtandao. Wataalamu huiita anwani ya MAC. Ina tarakimu 12, na kila moja ni nambari kuanzia 0 hadi 9 au herufi kuanzia A hadi F. Nusu ya kwanza kwa kawaida humtambulisha mtengenezaji, ambaye hugawiwa fungu lake na taasisi ya wahandisi ya IEEE iliyoko Marekani. Nusu ya pili huwekwa na mtengenezaji mwenyewe ili mashine mbili zisishiriki jina. Kwa mpango huo zinaweza kupatikana anwani zaidi ya trilioni 281.

Data haisafiri kama mto. Hukatwa vipande vidogo viitwavyo fremu, na kwa kawaida kila kimoja hakibebi zaidi ya herufi 1,500 hivi. Mbele ya kila fremu huandikwa anwani mbili: kwanza ya mpokeaji, kisha ya mtumaji.

Swichi inapowashwa mara ya kwanza haijui lolote. Msichana anapobonyeza ili fomu yake ichapishwe, fremu ya kwanza inaingia kwa tundu la 3. Swichi inasoma jina la mtumaji na kuandika katika daftari lake la ndani: mashine hii iko tundu la 3. Kisha inasoma jina la mpokeaji. Ikiwa halimo daftarini, inafanya kama mwalimu mgeni ambaye hajui boma liko wapi: inapeleka nakala kwa matundu yote, isipokuwa lile fremu ilikotoka. Mashine zisizohusika zinaitupa. Mashine ya kuchapisha inajibu kutoka tundu la 8, na swichi inaandika hilo pia. Tangu hapo, fremu za msichana zinakwenda tundu la 8 peke yake, na mzee aliye kando hapati hata chembe.

Hakuna mtu aliyeifundisha. Imejifunza kwa kutazama nani anatuma kutoka wapi. Na kwa kuwa watu huhama, mashine ikinyamaza kwa muda, ambao katika swichi nyingi ni dakika 5, jina lake hufutwa mpaka itakaponena tena.

Enzi za kusoma kwa paredi

Mambo hayakuanza hivyo. Mtandao wa Ethernet, uliobuniwa mwaka 1973 na Robert Metcalfe akishirikiana na David Boggs katika kampuni ya Xerox huko California, ulikuwa na waya mmoja ulioshirikiwa na wote. Baadaye kikaja kisanduku kiitwacho habu, ambacho hakikusoma anwani. Kila kilichoingia kilirushwa kwa wote. Mashine mbili ziliponena kwa pamoja, maneno yaligongana na yote mawili yakapotea, ikabidi yarudiwe. Isitoshe, mtu mwenye nia mbaya aliweza kukaa kimya na kusoma neno la siri la jirani yake. Mwaka 1990 kampuni ya Kalpana ya Marekani ilileta sokoni swichi ya Ethernet, na mwaka 1994 ikanunuliwa na Cisco.

Hata hivyo, wazazi na walimu wasidhani swichi ni kufuli. Mjanja anaweza kuijaza daftari lake kwa majina ya uongo mpaka lisiwe na nafasi, na majina ya kweli yasipopata pa kuandikwa, swichi huanza tena kurusha fremu kwa wote. Anwani ya MAC yenyewe inaweza kubadilishwa kwa programu. Simu nyingi za siku hizi hujipa anwani ya bandia zinapoingia kwenye Wi-Fi, ili mwenyewe asifuatwe nyayo. Kwa hiyo, kabla ya kuandika neno la siri katika kompyuta ya watu wengi, hakikisha kwamba anwani ya ukurasa inaanza kwa https.

Walimu wanaosimamia vyumba vya kompyuta wajihadhari pia na jambo hili: usichomeke ncha mbili za waya mmoja katika swichi ile ile. Fremu iliyokusudiwa watu wote itazunguka bila kikomo ikijizidisha, na chumba chote kitakwama. Radia Perlman, mtaalamu wa Marekani, alibuni mwaka 1985 njia ya swichi kujigundulia mizunguko hiyo na kuifunga, lakini swichi nyingi za bei nafuu hazina kinga hiyo.

Kisa cha Nairobi

Anwani ya MAC inafaa uani tu, kama jina la utani linalojulikana kijijini. Fomu ya msichana inapotoka Mikinduri kwenda mbali, huongozwa na anwani nyingine, ya IP, na mashine nyingine iitwayo ruta. Lakini hata ruta za kampuni kubwa zinaweza kufanywa majirani zikiunganishwa na swichi moja. Wakenya walilijua hilo kwa taabu.

Mwishoni mwa miaka ya 1990, kila kampuni ya intaneti jijini Nairobi ilikuwa na njia yake ya kwenda ng'ambo. Mteja wa kampuni moja akimwandikia mteja wa nyingine mtaa wa pili, barua ilipanda hadi setilaiti iliyo kilomita 36,000 juu, ikashuka Marekani au Ulaya, ikapanda tena na kushuka Nairobi. Hizo ni kilomita 144,000, zaidi ya mara 3 ya mzunguko wa dunia, na zililipiwa kwa fedha za kigeni.

Novemba 2000, kampuni hizo, kupitia chama chao cha TESPOK, zilifungua kituo cha kubadilishana data kiitwacho KIXP. Kiini chake kilikuwa swichi. Kampuni ya Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya pekee ya kusafirisha mawasiliano ya kimataifa, ililalamika, na Desemba mwaka huo Tume ya Mawasiliano ikaamuru kituo kifungwe. Kampuni zilijitetea kuwa mazungumzo ya wanachama yasiyotoka nchini hayawezi kuwa ya kimataifa. Mvutano uliendelea, na Februari 2002 kituo kikafunguliwa tena. Tangu hapo barua ya jirani ikaweza kuishia kwa jirani.

Nyaya za baharini zilizofika Mombasa mwaka 2009 zilifupisha safari ya ng'ambo, lakini hazikuondoa haja ya kituo hicho. Mei 2024 nyaya mbili, EASSy na SEACOM, zilipokatika, intaneti ilizorota Afrika Mashariki. Data inayoanzia na kuishia humu nchini haina haja ya kuvuka bahari, mradi kampuni zikutane nyumbani.

Siku hizi watu wengi hudhani kwamba intaneti ikienda kobe, dawa ni kununua njia pana zaidi. Pengine ni kweli. Lakini mwalimu wa pili hakujengewa barabara mpya. Alijua tu nani anakaa wapi, na barua ikafika kabla ya jua kuchwa.