Kilwa Kisiwani: Chokaa, mikoko na somo la kuhifadhi magofu

Mwanafunzi wa mambo ya kale anayefika Kilwa Kisiwani, kusini mwa Tanzania, kwa mafunzo ya vitendo, huenda akatarajia kufukua hazina zilizozikwa ardhini. Lakini somo zito zaidi kisiwani humo ni namna ya kuukarabati ukuta wa kale bila ya kuuharibu.

Kilwa ilitajirika kwa biashara ya dhahabu ya Sofala, na masultani wake walitengeneza sarafu zao wenyewe. Msafiri Ibn Battuta, aliyefika huko mwaka 1331, aliusifu mji huo kwa uzuri wake. Wareno waliuvamia mwaka 1505. Miongoni mwa majengo yaliyobaki ni Msikiti Mkuu, kasri la Husuni Kubwa na Gereza, ngome ya Wareno ambayo baadaye Waomani waliijenga upya.

Shirika la UNESCO liliyaorodhesha magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara kuwa urithi wa dunia mwaka 1981. Mwaka 2004 yaliingizwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, na yakaondolewa humo mwaka 2014 baada ya kazi kubwa ya kuyanusuru.

Kwa nini saruji haifai?

Kuta za Kilwa zilijengwa kwa mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na mchanga. Jiwe la matumbawe lina vitundu vingi, nalo hufyonza maji ya mvua na chumvi ya bahari. Chokaa ni laini, hivyo unyevu hupita ndani yake na kukauka.

Saruji ni ngumu na huzuia unyevu huo. Maji yakikosa njia hutokea kupitia jiwe lenyewe, na chumvi inayobaki huganda na kulipasua kidogo kidogo. Baada ya miaka, kiraka cha saruji husalia imara ilhali jiwe la kale limegeuka unga.

Ndiyo maana waashi hurejea kwenye chokaa. Hata hivyo, chokaa ya jadi hupatikana kwa kuchoma matumbawe kwa kuni nyingi. Mwanafunzi hana budi kujiuliza malighafi hiyo itatoka wapi, ili ukuta usiokolewe kwa kuiangamiza bahari na misitu inayouzunguka.

Kupima kabla ya kugusa

Kabla ya jiwe lolote kuondolewa, ukuta hupimwa, huchorwa na kupigwa picha. Mti uliomea ukutani haung'olewi kwa nguvu, kwani mizizi yake hutoka pamoja na mawe. Hukatwa, na kisiki kikazuiwa kuchipua tena. Sehemu iliyokwisha kuanguka haijengwi upya kwa kubahatisha, kwa kuwa kubuni umbo lake ni kuipotosha historia.

Hatari nyingine hutoka baharini. Mawimbi yamekuwa yakiula ufuko na kutishia misingi ya majengo yaliyo kando ya maji, likiwemo Gereza. Mikoko hupunguza kasi ya mawimbi na kushika udongo, hivyo kuipanda na kuilinda ni sehemu ya uhifadhi wenyewe.

Kazi hiyo haiwezekani bila ya wakazi wa kisiwa, wanaoishi miongoni mwa magofu hayo. Mtaalamu huja na kuondoka. Mwashi wa Kilwa aliyejua kuchanganya chokaa ndiye atakayeuona ufa mpya masika yajayo, na kuuziba mapema.