Kufunga kwa Vipindi na Afya ya Moyo

Kufunga kwa vipindi ni utaratibu wa kula unaozingatia zaidi wakati wa kula kuliko aina ya chakula. Wapo wanaokula ndani ya saa 8 na kukaa bila chakula kwa saa 16 kila siku. Wapo pia wanaokula kama kawaida kwa siku 5 za juma na kupunguza sana chakula katika siku 2 zilizobaki. Tofauti na saumu ya Ramadhani, maji huruhusiwa wakati wote.

Baada ya mlo, kongosho hutoa insulini, nayo huwezesha sukari kuingia katika seli. Ziada huhifadhiwa kwenye ini na misuli, na nyingine hugeuzwa kuwa mafuta. Mtu akikaa muda mrefu bila kula, kiwango cha insulini hushuka, akiba ya sukari kwenye ini hupungua, na mwili huanza kutegemea mafuta zaidi. Mafuta ya tumboni yakipungua, mara nyingi shinikizo la damu hushuka na seli huitikia insulini vizuri zaidi. Hivyo moyo na mishipa ya damu hupunguziwa mzigo.

Je, faida hiyo hutokana na saa za kufunga au na kupungua kwa chakula chenyewe? Utafiti uliofanyika Guangzhou, China, na kuchapishwa mwaka 2022 uliwahusisha watu 139 wenye unene uliokithiri. Wote walipunguziwa chakula, lakini kundi moja lilitakiwa kula kati ya saa 2 asubuhi na saa 10 alasiri tu. Baada ya miezi 12, kundi hilo lilikuwa limepungua wastani wa kilo 8.0 na jingine kilo 6.3, tofauti ambayo kitakwimu si kubwa vya kutosha kuthibitisha ubora wa kufunga. Inaelekea, basi, kwamba sehemu kubwa ya faida hutokana na kula kidogo.

Mwezi Machi 2024, katika mkutano wa wataalamu wa moyo uliofanyika Chicago, Marekani, ziliwasilishwa takwimu za watu wazima zaidi ya 20,000. Waliokula ndani ya muda usiozidi saa 8 walionekana kuwa na hatari kubwa zaidi ya kufa kwa maradhi ya moyo kuliko waliokula katika muda wa saa 12 hadi 16. Takwimu hizo hazithibitishi kwamba kufunga ndiko kulikosababisha vifo, kwani huenda baadhi yao walikula kwa saa chache kwa sababu ya maradhi au ugumu wa maisha. Hata hivyo, zinatosha kuzuia ahadi za haraka.

Hatari iliyo wazi zaidi humkabili mgonjwa anayetumia dawa. Anayemeza vidonge vya shinikizo la damu hapaswi kuviacha kwa sababu amefunga. Kuviacha kunaweza kuleta kiharusi. Anayetumia dawa za kuongeza mkojo anaweza kupungukiwa maji na kupata kizunguzungu. Mwenye kisukari anayetumia insulini au glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari ghafla. Akitetemeka, akitokwa jasho jingi au akichanganyikiwa, avunje mfungo mara moja kwa kinywaji chenye sukari, kisha atafute huduma ya afya. Wajawazito, wanaonyonyesha, watoto na wazee waliodhoofu hawashauriwi kufuata utaratibu huu.

Kwa mtu mzima mwenye afya njema, hatua ya kwanza ni kupima shinikizo la damu na sukari. Baada ya hapo anaweza kuanza na saa 12, kwa kula chakula cha jioni mapema na kutotia kitu kinywani hadi asubuhi, isipokuwa maji. Saa za kula zikifika, mboga, matunda, kunde na samaki viwe vingi, chumvi na vyakula vya kukaanga viwe kidogo. Sahani iliyojaa kupita kiasi inaweza kurudisha yote yaliyopunguzwa na saa za njaa.